Uzoefu wangu: nakala za Beer Street na Gin Lane zilizokatwa mashairi

Nimenunua kupitia intaneti, kwa muuzaji mmoja wa nakala za picha za kale ambaye sitamtaja jina, jozi ya picha za William Hogarth, mchoraji na mchongaji wa Kiingereza, ziitwazo Beer Street (Mtaa wa Bia) na Gin Lane (Kichochoro cha Jini), za mwaka 1751, pamoja na mfuatano wa picha nane za A Rake's Progress, kisa cha kijana mrithi anayefuja mali yake, za mwaka 1735. Karatasi ni nzito, wino umekolea bila kuvuja, na mzigo ulifika Dar es Salaam ndani ya bomba gumu la karatasi bila kona hata moja kujikunja. Kwa hayo sina neno. Tatizo ni kwamba picha mbili za jozi zimekatwa sehemu ya chini, na kilichokatwa ni mashairi.

Katika London ya karne ya 18, picha nyingi za tashtiti, yaani za kudhihaki maovu ya jamii, ziliuzwa zikiwa na mchoro juu na beti chini, na mnunuzi alilipia vyote viwili. Chini ya kila picha ya jozi hii pana beti tatu zilizopangwa katika safu tatu. Kila ubeti una mistari minne, mizani nane na sita kwa kupokezana, na vina vyake hupishana, wa kwanza na wa tatu, wa pili na wa nne. Aliyezitunga ni James Townley, kasisi na mwalimu aliyekuwa rafiki wa Hogarth. Beti hizo si maelezo yaliyobandikwa baadaye na mchapishaji. Zilichongwa kinyumenyume kwenye bamba lilelile la shaba lenye mchoro, ili zikichapwa zisomeke sawasawa, kwa hiyo herufi na sura za watu zilipakwa wino mmoja na kupita pamoja chini ya mtambo. Kuziondoa ni sawa na kuuza kanga baada ya kukata jina lake: maua yanabaki na pindo zinabaki, lakini aliyevaa hana tena analosema.

Nianze na Gin Lane, kwa kuwa ndiyo iliyonifanya niagize. Mahali pake ni mtaa wa St Giles, na mnara wa kanisa la St George's Bloomsbury unaonekana kwa nyuma. Mwanamke mwenye vidonda miguuni ameketi kwenye ngazi akichota ugoro, huku mtoto wake akiporomoka kutoka mikononi mwake bila yeye kuhisi. Gripe, mweka rehani, anapokea msumeno wa seremala na vyombo vya jikoni vya mwanamke. Kwenye chumba kilichobomoka mtu amejinyonga. Na mwanamume mwingine anagombania mfupa na mbwa. Juu ya mlango wa chumba cha chini panapouzwa jini, ile pombe kali ya mreteni, pameandikwa kwamba kulewa ni peni moja, kulewa chakari ni peni mbili, na majani makavu ya kulalia ni bure. Maandishi hayo yamo ndani ya mchoro, hivyo yamesalimika katika nakala yangu. Majibu yake hayakusalimika: beti za Townley zinaiita jini pepo aliyelaaniwa, moto wa maji unaopeleka wazimu moyoni na kuuzungusha ndani ya mishipa, mlezi wa wizi, mauaji na viapo vya uongo. Muuzaji amebakiza tangazo la baa na kulitupa karipio lake.

Yapo zaidi. Upande wa kulia, chini kabisa, amekaa mtu aliyekonda hadi mbavu zinahesabika, gilasi ikiwa bado mkononi, na kutoka kwenye kikapu chake linaning'inia shairi juu ya anguko la Bi Jini. Huyo ni mchuuzi wa mashairi ya kukemea ulevi, naye anakufa kwa ulevi. Hogarth alijua vyema kwamba mashairi ya picha yake mwenyewe yamekaa kidogo tu chini ya kikapu hicho, na mimi siamini kuwa alimweka mchuuzi huyo hapo kwa bahati. Katika nakala yangu kikapu kinaning'inia juu ya ukingo mweupe, na dhihaka yote imepotea.

Hasara katika Beer Street ni kubwa zaidi, ingawa wengi huiona kuwa picha dhaifu ya jozi hii, ya watu wanene wanaofurahia vikombe vyao. Townley anaisifu bia kuwa zao la heri la kisiwa chao, anasema kazi na sanaa zinastawi kwa msaada wake, na anamalizia ubeti kwa kuwaachia Wafaransa maji. Sasa tazama mchoro. Kazi imestawi kweli: mhunzi ameshiba, mafundi wa paa wanashangilia, na Pinch, mweka rehani wa mtaa huu, nyumba yake inaanguka. Sanaa je? Mchoraji wa vibao vya matangazo amesimama juu ya ngazi amevaa matambara, ndiye maskini kuliko wote mtaani, na anachonakili kwenye kibao chake ni chupa ya jini. Mshairi anasema hivi na mchoraji, kwenye bamba lilelile, anamkanusha. Mtu asiye na beti mbele yake ataona fundi mmoja mchakavu tu na kupita.

Hata hao Wafaransa wana habari yao. Katika matoleo ya awali, mhunzi alikuwa amemwinua Mfaransa mwembamba juujuu. Baadaye Hogarth alilirekebisha bamba na kumpa mhunzi pande la nyama badala yake. Nakala niliyopewa ni ya pande la nyama, na katika toleo hilo ule mstari wa maji ndio uliobeba dhihaka ya wazi dhidi ya Ufaransa. Nao umekatwa.

Mfuatano wa A Rake's Progress umekuja na mashairi yake yote, yaliyotungwa na John Hoadly, lakini umepunguzwa hadi ukubwa wa A4, na herufi zinahitaji kioo cha kukuzia. Kusema kweli, beti za Hoadly ni mahubiri yenye vina. Picha ya mwisho, kijana mrithi akiwa amefungwa pingu katika hospitali ya wendawazimu ya Bedlam, haikuhitaji mtu wa kuihubiri. Hata hivyo ni afadhali niwe nazo nichoke mwenyewe. Michoro ya rangi ya mfuatano huo, iliyopo Sir John Soane's Museum mjini London, haina beti. Mashairi aliwekewa mnunuzi wa karatasi.

Hogarth aliuchelewesha mfuatano huo hadi tarehe 25 Juni 1735, siku ilipoanza kutumika sheria ya Bunge ambayo yeye na wenzake waliiomba, iliyowalinda wachongaji kwa miaka 14 na kumtoza anayenakili bila ruhusa shilingi tano kwa kila nakala. Leo ulinzi huo umekwisha zamani, na yeyote mwenye mkasi anaweza kuingia sokoni.

Kwa anayetaka kununua: omba picha ya karatasi nzima, pamoja na ukingo wa chini, kabla ya kulipa. Neno "halisi" litiliwe shaka pia, kwa sababu mabamba ya Hogarth yaliendelea kuchapwa muda mrefu baada ya kifo chake mwaka 1764. Mchapishaji John Boydell aliyatumia mwaka 1790, na mchongaji James Heath aliyakarabati kwa toleo la 1822. Mimi sasa nimepakua jozi hiyo bila malipo kutoka tovuti ya Metropolitan Museum of Art ya New York, beti zikiwa kamili, na nitaichapisha hapa mjini. Bamba lina takriban sentimita 38 kwa 32, kwa hiyo A3 ni nyembamba mno. Mwambie mchapaji atumie A2, asiguse vipimo, na abakize ukingo.

Jozi naipa nyota mbili kwa ajili ya karatasi na ufungashaji. Rake's Progress nyota tatu, na ingepata nne kama herufi zingesomeka.