Soseji Tabora: Kagua Friza Kwanza, Pakiti Baadaye

Tangu jua la Septemba lianze kuwaka, malalamiko ninayopokea ni ya aina moja. "Dada, soseji zimepasuka zote kwenye kikaango, mafuta yameruka hadi ukutani." "Mama, mbona zinatoa maji ya pinki?" "Watoto wamezikataa, wanasema wanatafuna unga." Wa Isevya, wa Ipuli, wa Cheyo, wote wanamalizia na swali lile lile: ninunue za kampuni gani?

Kampuni nitazitaja, na ninayoipenda nitaisema bila kuficha. Ila lazima tuanzie kwenye friza, maana kwetu huku ndiko soseji nyingi zinakoharibikia. Pakiti mbili za kampuni moja, zilizotengenezwa siku moja, zinaweza kuwa kwenye maduka mawili yanayotazamana, moja ikawa chakula na nyingine ikawa hasara. Ukiniambia jina la kampuni bila kuniambia ulinunua duka gani, bado hujaniambia kitu.

Bei utaiona mwenyewe dukani. Ladha ni ya mdomo wako. Tarehe ya mwisho wa matumizi kila mtu anaisoma, lakini elewa inasema nini: soseji hii ikikaa kwenye baridi la nyuzi 18 chini ya sifuri muda wote, itafika siku hiyo salama. Ikishayeyuka hata mara moja, ile tarehe haina kazi tena.

Friza inayozimwa usiku

Kuna tabia imeenea kwenye maduka yetu na hakuna anayeisema. Muuzaji anafunga saa tatu usiku, anachomoa friza ili uniti za LUKU zisiishe, anaenda kulala. Asubuhi anachomeka. Soseji zimelala zinalegea, mchana zinaanza kushikana, ikifika jioni zimeganda upya. Wewe unapita saa kumi na moja ukitoka kazini, unagonga pakiti, inalia ko, unaridhika. Pakiti hiyo huenda imeyeyuka na kuganda usiku baada ya usiku tangu iliposhushwa kwenye basi. Hapo sijaongeza siku ambazo umeme wenyewe unakatika.

Ndani ya soseji mambo yanakwenda hivi. Kiwandani inagandishwa kwa haraka, kwa hiyo chembe za barafu zinakuwa ndogo sana. Friza ya dukani inagandisha polepole, chembe zinakua, zinachanachana nyama iliyokuwa imeshika maji. Ikiyeyuka, maji yanatoka. Hayo ndiyo maji ya pinki mnayoniuliza. Ukiitumbukiza kwenye mafuta ya moto, maji yaliyojikusanya chini ya ngozi yanageuka mvuke, mvuke unatafuta pa kutokea, ngozi inapasuka. Kinachobaki mdomoni ni wanga na mafuta, ndiyo ule unga wanaousema watoto. Kwa hiyo mama wa Ipuli, acha kulilaumu jiko lako, na hiyo mbinu ya kuichoma soseji kwa uma kabla ya kukaanga haitakurudishia nyama iliyokwisha kukauka.

Na hilo la ladha ndilo dogo. Baridi haiui vijidudu, inavilaza tu. Kila soseji inapolegea vinaamka na kuongezeka, ikigandishwa tena vinalala vikiwa vingi kuliko jana. Afrika Kusini mwaka 2017 na 2018 waliugua zaidi ya watu 1,000 na kufa zaidi ya 200 kwa kijidudu kinachoitwa listeria, na chanzo kikapatikana kwenye polony (soseji nene ya kukatwa vipande) ya kiwanda kimoja cha Polokwane. Polony na soseji ni nyama za ukoo mmoja. Listeria ana ubaya wa peke yake: anaweza kukua hata ndani ya baridi la friji ya kawaida, na kwa mama mjamzito anaweza kuitoa mimba. Moto unamuua, kwa hiyo soseji ipikwe mpaka katikati iwe ya moto kabisa, hata kama pakiti imeandikwa kwamba imeshapikwa. Kumpa mtoto soseji baridi kutoka friji kwa sababu "si imeiva tayari" ndilo jambo linaloniogopesha kuliko yote.

Nenda saa mbili asubuhi

Ukitaka kujua friza ya duka inalala au hailali, nenda mapema duka linapofunguliwa. Usinunue kwanza. Ingiza mkono, bonyeza pakiti ya juu kabisa. Ikibonyea, umeshapata jibu, na jibu hilo ni la kila kitu kilichomo humo, kuanzia kuku mpaka samaki. Ikiwa ngumu saa mbili asubuhi, duka hilo lishike, na jioni unaweza kununua kwa amani.

Ukishindwa kwenda asubuhi, soma pakiti. Barafu nyeupe kama chenga ndani ya mfuko, si nje, maana yake maji yametoka kwenye nyama na kuganda upya. Angalia pembe za chini: kama kuna kipande cha barafu chenye rangi ya pinki, rudisha. Tazama umbo. Soseji iliyoganda mara moja inabaki ya mviringo na unaweza kuitenganisha na mwenzake kwa kuipiga kidogo. Iliyoyeyuka inalala, inakuwa bapa upande mmoja, inapinda kufuata ilichokuwa imelalia, na zote zinakuwa donge moja. Kama zimefungwa kwa nailoni iliyonyonywa hewa, nailoni inatakiwa kuibana nyama. Ikilegea, kuna mahali imetoboka, na ikivimba, humo ndani kuna vijidudu vinavyotoa gesi. Tazama na katoni kama ipo: karatasi iliyolowa ikakauka ina mawimbi na alama za maji, haiwezi kusema uongo.

Wauzaji hawapendi ukaguzi huu. "Unatafuta nini humo, dada? Baridi linatoka, funga!" Mtu aliyeliacha baridi litoke usiku kucha ndiye anayekukemea kwa nusu dakika. Usione haya. Hela ni yako.

Mpangilio wangu

Namba moja ni Happy Sausages za Arusha, za ng'ombe, kutoka kwenye friza isiyolala. Ninazipenda na sioni sababu ya kujifanya sina upande. Ngozi yake inakatika kwa meno bila kuvutika, pilipili manga inasikika, na ukizikata zikiwa za moto unaona nyama. Kuna jambo la njia pia. Kutoka Arusha kupitia Babati, Singida na Nzega hadi hapa ni zaidi ya kilomita 600, lami njia nzima, hivyo mzigo ukifungwa vizuri kwenye barafu unaweza kufika ukiwa mgumu. Muulize muuzaji mzigo wake unakuja na nini. Anayejibu kwa ufasaha huwa anajali. Anayesema "zinakuja tu na basi", huenda zimekuja kwenye buti karibu na injini, mchana kutwa.

Namba mbili ni soseji ya bucha, ukimpata mwenye bucha anayesaga na kujaza mwenyewe kwa nyama ya asubuhi hiyo hiyo. Haina rangi ya kupendeza kwa sababu mara nyingi haina chumvi ya nitriti inayoifanya nyama ibaki pinki. Inakuwa na rangi ya nyama iliyopikwa, kahawia. Watu wanaikataa kwa rangi hiyo wakati ndiyo yenye nyama kuliko zote. Lakini haikai. Ununue leo, uile leo, kesho ikizidi sana. Na uone mashine ya kusagia kwa macho yako. Kama kwenye kingo zake kuna mabaki ya jana, ondoka.

Namba tatu, Farmer's Choice za Kenya, zikiwepo. Ni soseji nzuri na jina lake limejengeka kwa miaka mingi, tatizo langu ni umbali tu. Zimetoka Nairobi, zimepita mikono mingi kabla ya kufika Tabora, na kila mkono una friza yake. Hapa ukaguzi wa pembe za pakiti ufanye mara mbili. Wasiokula nguruwe wasome vizuri, kwa sababu kampuni hii na hata hiyo ninayoipenda mimi zina za nguruwe pia, na dukani pakiti zote zinarundikwa friza moja. Watafute alama ya halali kwenye pakiti yenyewe; kauli ya muuzaji haitoshi.

Baada ya hapo zinakuja soseji za kuku, na hizi zina hadithi ya lebo. Viungo vinaandikwa kuanzia kilicho kingi kwenda kilicho kidogo. Kama cha kwanza ni nyama ya kuku iliyotenganishwa kwa mashine, huo ni ute wa nyama uliokamuliwa kwenye mifupa ya mgongo na shingo. Unalika, ila usiulipie bei ya minofu. Na pakiti yenye picha ya ng'ombe mbele huku nyuma cha kwanza kikiwa kuku, hiyo iache kwa sababu ya ule ujanja wenyewe.

Zile za bei chee zilizofungwa upya dukani kwenye nailoni na kupigwa fundo, bila lebo, bila tarehe, bila alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania): hapana. Ili muuzaji azigawe, huenda aliziyeyusha kwanza.

Bei, na ng'ombe wetu

Kinachoniumiza ni hiki. Tuko mkoa wa wafugaji. Igunga na Nzega kuna ng'ombe wa kutosha, wanapakiwa kwenye malori kwenda mnada wa Pugu, Dar es Salaam. Halafu nyama inarudi Tabora ikiwa imesagwa, imechanganywa na maji na wanga, na pakiti ya nusu kilo haichezi mbali na bei ya kilo nzima ya nyama buchani. Ukilalamika unaambiwa friza inakula umeme. Sawa, umeme ni ghali, sibishi. Lakini mimi mnunuzi nimeshaulipia umeme huo ndani ya bei, usiku na mchana. Kwa nini friza izimwe usiku na bei ibaki ile ile? Mwenye duka anayetaka kubana matumizi anunue friza ndogo aijaze, maana friza iliyojaa inashika baridi muda mrefu kuliko kubwa iliyo nusu tupu, na afute barafu nene ya ukutani inayoifanya mashine ihangaike. Kuokoa uniti chache kwa kuharibu mzigo wa wateja si biashara.

Ukikuta pakiti imevimba au imebadilika harufu, usiishie kurudishiwa hela kimya kimya. Usalama wa chakula uko chini ya TBS tangu mwaka 2019, ulipotolewa TFDA, iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa. Na afisa afya wa kata yako yupo. Mpelekee pakiti ikiwa na lebo yake pamoja na risiti.

Nyumbani na safarini

Soseji iwe kitu cha mwisho kununua kabla ya kupanda bodaboda. Ifunge kwa magazeti kadhaa, iwekwe chini ya kapu, juani isikae. Ukiitoa kwenye friza, iyeyushie sehemu ya chini ya friji usiku kucha, usiiache kwenye beseni mezani, na ikishayeyuka usiirudishe kugandishwa. Toa kiasi cha mlo mmoja. Kikaangoni anza na maji kidogo, funika, ichemke taratibu mpaka maji yaishe, ndipo uongeze mafuta uipe rangi.

Friza ya nyumbani nayo ina kipimo chake cha bure. Gandisha maji kwenye kikombe, weka sarafu juu ya barafu, kiache humo. Ukirudi safari ukakuta sarafu imezama katikati au chini, umeme ulikatika muda mrefu ukarudi, na kilichoganda sasa kiliyeyuka. Ikiwa bado juu, barafu haikuyeyuka yote.

Wa Sikonge, Urambo na Kaliua mnaoniuliza kama mbebe za pakiti kutoka mjini: kama huna boksi la barafu, usibebe. Nunua za kopo. Najua wengi wanazidharau, lakini kopo limepikwa likiwa limefungwa, halihitaji friza mpaka litakapofunguliwa, na kwa safari ya basi mchana ninaliweka juu ya pakiti yoyote iliyolegea, hata ikiwa ya kampuni ninayoipenda. Kagua lisiwe limevimba, limeshika kutu au kubonyea kwenye mshono. Maji yake yamwage, yana chumvi nyingi, kisha zisuuze, zikaange na kitunguu na hoho bila kuongeza chumvi. Kopo likishafunguliwa, zinazobaki zihamishie kwenye chombo chenye mfuniko, na kama hapo ulipo hakuna friji, ziliwe zote mlo huo huo.