Kunyanyua mbele ya Hilux kwa tosheni baa pale Gerezani: kazi safi, ila jua unachokwenda kununua

Wakuu, wenye Hilux za zamani zile LN167 dabo kebini injini ya 5L, na wenye Land Cruiser VX 100 pia inawahusu. Hii ni kazi niliyofanyiwa kwenye gereji moja mtaa wa Gerezani, Dar, ya kunyanyua mbele ya gari, na mwenye haraka achukue hukumu yake hapa hapa: kazi safi, bei ya kawaida, ningerudi. Ila kama unaenda pale ukitegemea gari itoke imepanda juu mpaka watu wageuze shingo, utagombana na fundi bure.

Gari yangu ilikuwa imelala mbele. Ngao ya chuma, winchi, na miaka ya kupiga barabara ya Ifakara kipindi ambacho ilikuwa inakula magari kweli kweli, sasa upande wa dereva ulikuwa umeshuka karibu sentimita 2 kuliko wa abiria na kila tuta unasikia raba ya chini, ile inayozuia chuma kisigonge chuma, inapiga guu! Kabla ya hapo nilishapita sehemu nyingine nikaambiwa nibadilishe shokapu. Jamani, shokapu haibebi gari, yenyewe inazuia gari isiendelee kudunda tu, ukiweka mpya nne gari itabaki imelala vile vile.

Kinachobeba mbele kwenye hizi gari siyo koili wala majani ya springi, ni tosheni baa, yaani fimbo ya chuma ndefu inalala sambamba na chesisi chini ya kebini, moja kila upande. Kichwa kimoja kimeshikwa na wishiboni, ule mkono unaoshika tairi (Hilux hii ni wa juu, VX ni wa chini), kichwa cha nyuma kimeingia kwenye mkono mfupi unaoshikiliwa na bolti kubwa kwenye krosmemba, kile chuma kinachokatiza chesisi. Tairi ikipanda fimbo inajikamua kama unavyokamua dekio, halafu inataka kujirudisha. Ukikaza ile bolti mkono unasogea, fimbo inageuka, mbele inanyanyuka. Ukilegeza inashuka. Basi, hiyo ndo siri yote, na siyo teknolojia ya jana, Citroën Traction Avant ilikuja nayo mwaka 1934 na zile Kombi za Volkswagen wazee wetu walizopanda zilikuwa nayo mbele na nyuma. Toyota wenyewe kwenye Hilux wakaachana nayo lilipoingia toleo la Vigo na koili zake, kwa hiyo mwenye Vigo au Revo asiende kuulizia hii kazi, watamcheka.

Sasa kilichonifanya niandike. Fundi hakugusa spana kwanza, alichukua tepu. Aliniuliza tenki ina mafuta kiasi gani, akashusha mizigo yangu ya nyuma yote, akapima upepo tairi zote, akasogeza gari kwenye zege iliyonyooka, ndo akapima kutoka katikati ya habu (kitovu cha tairi) mpaka ukingo wa fenda, pembe zote nne, akaandika kwa chaki ukutani. Siyo kutoka chini ardhini, maana hapo ukiwa na tairi moja ina upepo pungufu unapima uongo. Akapiga jeki kwenye chesisi tairi zikaning'inia, akaweka stendi, akasugua uzi wa bolti kwa brashi ya waya, akamwagia oili akaiacha inywe. Nimeona mafundi wanakaza hiyo bolti gari ikiwa chini na uzito wote, na bomba refu kwenye spana, halafu uzi ukikatika wanakwambia bolti ilikuwa mbovu.

Akakaza mizunguko michache akihesabu kwa alama ya rangi, akashusha gari, akaisukuma mbele nyuma, tukaidundisha watu wawili, akapima tena. Hapo ndo kazi ilipokula muda kwa sababu ukinyanyua kulia kushoto nako kunabadilika, unarudi kule, unarudi huku, karibu siku nzima iliishia hapo. Mtu anayekwambia nusu saa tu bosi, mkimbie.

Ilipofika usawa nikamwambia ongeza kidogo basi. Akanijibu, "Bosi, mi naweza kukaza mpaka bolti iishe, ila ukipita tuta moja utanipigia simu ya matusi." Akanivuta chini ya gari akanionyesha raba nyingine, iliyo chini ya wishiboni ya juu, inayozuia tairi isishuke zaidi, nafasi iliyobaki kabla haijagusa ilikuwa ndogo tayari. Hili wengi hawalijui. Safari ya tairi kwenda juu na chini jumla yake haiongezeki, ukiongeza upande mmoja unapunguza mwingine. Ukikaza sana, tairi ikitaka kushuka kwenye shimo inakosa pa kwenda, mkono unagonga kizuizi, tak! tak! na watu wanasema tosheni baa imekuwa ngumu kwa kukazwa. Haijawa ngumu. Ugumu wa fimbo unatokana na unene na urefu wake, na unene ndo una nguvu balaa maana unaenda kwa kipeo cha nne, kwa mfano fimbo ya milimita 27 ni ngumu kuliko ya 25 kwa asilimia kama 36 hivi, urefu ukiwa sawa. Kwa hiyo mwenye ngao na winchi muda wote anayetaka mbele ibebe zaidi anunue fimbo nene, Old Man Emu wanazo, Ironman wanazo, hela yake siyo ya mchezo lakini hilo ndo jibu. Pia ukipandisha mno sivii jointi (viungo vya ekseli vinavyozungusha tairi za mbele) zinafanya kazi kwenye kona mbaya, buti, yaani mipira inayozifunika, zinachanika, mchanga unaingia, boljointi nazo zinalalamika.

Tuliishia sentimita 3 na nusu juu ya pale upande wa dereva ulipokuwa, yaani kimo chake cha asili na kadogo juu yake. Akiwa kule chini akaniambia bushi za wishiboni zimeanza kukatika, hakunilazimisha, akasema zinavumilia kidogo ila nijipange. Hiyo nimeipenda, angeweza kunibamiza spea siku ile ile.

Malalamiko sasa. Mashine ya alaimenti, ya kupanga tairi zikae sawa, hawana. Ukishanyanyua mbele tairi zinabadilisha mlalo na mwelekeo wake, usipofanya alaimenti utakula tairi pembeni, na wao hilo hawalisemi mwanzo wakati mnapatana bei, unaambiwa mwishoni kwamba uende Chang'ombe. Kazi ilikuwa elfu 80, alaimenti elfu 40 nyingine na foleni juu. Taa nazo hakuna aliyezigusa, usiku Kilwa Road kila anayekuja mbele ananipiga fuli, pua imepanda na mwanga umepanda nayo, ikabidi nizishushe kwa bisibisi mwenyewe nyumbani. Na pa kusubiri hakuna, unakaa kwenye rimu juani.

Barabarani imetulia. Matuta ya Mbagala yale gari haigongi tena, pua iko sawa na mkia, usukani hauvuti. Baada ya karibu mwezi ilishuka kidogo kama alivyosema, nikarudi akapima na kuikaza tena bila hela. Ukienda, mwambie mapema kama fimbo zitatolewa ziwekewe alama, ya kulia na ya kushoto hazibadilishani.

Nyota 4 kati ya 5, ya tano wataipata siku wakinunua mashine ya alaimenti.