Siku 10 za kozi fupi ya walimu wa ufundi stadi: tathmini ya mwalimu wa uchomeleaji

Nimefundisha fani ya uchomeleaji na uungaji vyuma kwa miaka tisa katika chuo cha ufundi stadi cha wilaya, na kabla ya hapo nilitengeneza mageti na grili za madirisha mtaani kwa miaka sita, kwa hiyo kozi yoyote ya kuwaendeleza walimu wa ufundi naipima kwa swali moja: je, mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza atachomelea vizuri zaidi kwa sababu mimi nilikwenda kusoma? Kituo kilichoendesha kozi hii sitakitaja, maana kasoro nitakazozieleza nimekwisha kuwaandikia wenyewe na bado hawajajibu. Itoshe kusema kwamba ni kituo binafsi, wala si chuo cha serikali cha ualimu wa ufundi stadi kilichopo Morogoro. Kozi ilichukua siku 10, na ada ilikuwa shilingi 350,000 pamoja na chai na chakula cha mchana, malazi kila mtu kwa gharama zake.

Tulikuwa washiriki 24, na mchanganyiko wetu wenyewe ulieleza kwa nini kozi za namna hii zimekuwa nyingi siku hizi. Zamani wateja wake wangekuwa mafundi walioajiriwa kufundisha katika vyuo vilivyo chini ya VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi Tanzania iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, au katika vyuo binafsi vinavyofuata mitaala hiyo hiyo. Safari hii tisa kati yetu walitoka shule za sekondari zenye mkondo wa amali, yaani wa masomo ya ujuzi wa kazi, ulioanza na Kidato cha Kwanza mwaka 2024 kufuatia Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023. Wengine kati yao walikuwa mafundi ambao hawajawahi kushika chaki, na wengine walimu wa fizikia waliokabidhiwa funguo za karakana wakaambiwa waanze. Kuwaweka watu hao darasa moja na sisi tuliozeeka kazini kulikuwa na faida yake, ingawa mara nyingi mkufunzi alilazimika kumpunguzia mmoja na kumwongezea mwingine ndani ya saa ile ile.

Siku tatu za kwanza zilikuwa za makaratasi: azimio la kazi, andalio la somo, na namna ya kuyachambua majukumu ya fani hadi kufikia hatua ndogo ndogo zinazoweza kupimwa. Mkufunzi aliyezishika alisoma slaidi neno kwa neno, na slaidi zenyewe ziliandikwa Kiingereza, hali sisi sote hufundisha kwa Kiswahili kuanzia mlangoni mwa karakana hadi stoo ya vifaa. Fundi bomba mmoja aliyekaa karibu nami alikuwa akinakili sentensi asizozielewa kwa mwandiko mzuri ajabu. Nadhani siku moja na nusu ingetosha kwa sehemu hii, na muda uliobaki ungekwenda mahali penye tija.

Hata hivyo kipindi cha upimaji kiliniokoa na kosa nililokuwa nikilifanya kwa miaka. Mfumo wa mafunzo yanayojenga umahiri unataka mwanafunzi aonekane akifanya kazi yenyewe kwa kiwango kilichowekwa, na mwalimu awe na orodha ya mambo ya kuangalia kabla zoezi halijaanza. Mimi nilikuwa nikitazama geti lililokamilika na kutoa alama kwa jicho. Tulipewa kipande kimoja kilichochomelewa, watu wanane tukakipima kila mmoja kivyake, na alama zetu zikaanzia 40 hadi 85. Tulipotengeneza orodha ya pamoja yenye upana wa mchomo, unyoofu, vitobo, kingo zilizoliwa na usafi, tukakipima upya, na safari hii tofauti haikuzidi alama kumi. Hapo hapo mkufunzi alitukumbusha jambo linalowachanganya waajiri hadi leo: katika majaribio ya ufundi ya zamani daraja la I ndilo lililokuwa la juu, lakini katika tuzo za taifa za ufundi stadi za sasa, NVA, ngazi ya I ni ya anayeanza na ya III ndiyo ya juu, kwa hiyo baba mwenye cheti cha mwaka 1990 na mwanawe mwenye cheti cha majuzi wanaweza kusoma namba ile ile kwa maana zinazopingana.

Siku ya tano tulihamia karakanani, na asubuhi hiyo peke yake ilikaribia kulipa ada yote. Mkufunzi, mzee mwenye makovu ya cheche mikononi, aliniambia nimfundishe mwalimu wa ushonaji kuwasha mashine na kuanza mchomo, kwa sharti kwamba mikono yangu ibaki nyuma ya mgongo. Nikamwambia mama yule: shika kijiti cha kuchomelea, gusa chuma, kisha vuta kidogo. Kijiti kikaganda. Akakibandua, akajaribu tena, kikaganda, na mara ya tatu kikaganda hadi kikaanza kuwa chekundu. Mzee akaniuliza kwa upole, "Kidogo ni kiasi gani, mwalimu?" Sikuwa na jibu. Mkono wangu umeijua nafasi ile kwa miaka 15, lakini ulimi haujawahi kuitaja. Tulikaa nayo kwa muda hadi nikaipata: nafasi kati ya ncha ya kijiti na chuma isizidi unene wa kijiti chenyewe, yaani kama milimita mbili na nusu kwa kijiti cha 2.5, kijiti kiinamishwe kidogo kuelekea upande unakokwenda, na mlio uwe wa samaki anayekaangwa, usiokatika wala kufoka. Mwalimu wa ushonaji akafunika uso, akagusa, akavuta, na mchomo wa urefu wa kidole ukatoka, mbaya wa sura lakini umeshika. Mzee akaubana kwenye jiliwa, akaupiga nyundo hadi ukavunjika, kisha akatuonyesha ndani mabaki ya gamba la mchomo yaliyonaswa, ili kila mmoja wetu aone kwamba kushika kwa nje si ushahidi wa kushika kwa ndani.

Mbinu aliyoitumia ni ya kale na haikuanzia kwetu. Hatua zake nne, yaani kumwandaa mwanafunzi, kumwonyesha kazi, kumwacha aijaribu, na kumfuatilia baadaye, zilitokana na kazi ya Charles Allen, Mmarekani aliyewaandaa wakufunzi wa viwanda vya meli wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na zikaenezwa viwandani Marekani kwa mpango maalumu wa mafunzo katika Vita Kuu ya Pili, wakati mafundi wengi walikuwa vitani na waliobaki hawakuwa na ujuzi. Wenye mpango ule walikuwa na kauli kwamba mfanyakazi akishindwa kujifunza, basi mwalimu hajafundisha. Kauli hiyo inachoma, hasa kwa sisi tuliozoea kusema kwamba vijana wa siku hizi ni wazito.

Kasoro kubwa ya kozi ni kwamba asubuhi za aina ile zilikuwa mbili tu. Kila mshiriki alipewa vijiti vinne vya kuchomelea kwa kozi nzima, na mtu yeyote aliyewahi kufundisha fani hii anajua kwamba vijiti vinne humalizwa na mwanafunzi mmoja kabla ya chai. Mashine zilikuwa zile nzito za transfoma, wakati karakana nyingi za mtaani sasa hutumia inveta ndogo inayobebwa begani, na viwanda vikubwa vinataka mtu anayeweza kutumia waya unaojisukuma wenyewe pamoja na gesi. Mwalimu anayerudi chuoni bila kuzishika mashine hizo atawaandaa vijana kwa kazi ya jana. Ziara ya kiwandani ilikuwa ya saa mbili na tulitazama kwa mbali, nyuma ya mstari wa njano. Ningependa kuona wiki nzima ya mwalimu kuvaa ovaroli na kufanya kazi chini ya msimamizi wa kiwanda, hata kama ada itapanda. Kompyuta sita kwa watu 24 sitazungumzia zaidi.

Lililonisikitisha kuliko yote ni hatua ya nne. Siku ya mwisho tuliahidiwa kwamba mkufunzi atatutembelea vituoni ndani ya miezi mitatu, aketi nyuma ya karakana, atutazame tukifundisha. Miezi mitano imepita, hakuna aliyekuja wala kupiga simu, na cheti chenyewe kilinifikia baada ya wiki tisa kikiwa na jina langu la kati limekosewa. Kituo kinachofundisha kwamba kumfuatilia mwanafunzi ni sehemu ya kufundisha kimetuacha kwenye hatua ya tatu.

Kwa fundi aliyeajiriwa kufundisha mwaka huu, na kwa mwalimu wa sekondari aliyekabidhiwa karakana ya amali, naipendekeza kozi hii bila wasiwasi mwingi, maana kipindi cha upimaji na asubuhi zile mbili havipatikani kwa kusoma peke yako. Mwenye miaka kumi darasani na cheti cha ualimu wa ufundi tayari atachoka kabla ya siku ya tano. Yeyote atakayekwenda aulize mambo mawili kabla ya kulipa: ni saa ngapi hasa zitakuwa za karakanani, na ni vijiti vingapi kwa kila mtu. Glavu abebe zake, kwa sababu za pale zimetoboka kwenye kidole gumba.