Tahadhari: modemu ya setilaiti "isiyo na masharti", nimepigwa

Jamani, nimeingizwa mjini na naandika hasira zikiwa bado za moto, ili mwingine asiingie kwenye mtego uleule.

Modemu yangu ya dishi ilikuwa ya kizazi cha zamani, haina hata Wi-Fi yake, mpaka uunge ruta pembeni. Nikakutana na tangazo la modemu ya kizazi kipya: "haina masharti, inakubali dishi lolote", bei imeteremshwa kwa sababu mwenyewe anahama. Nikamwuliza kama itakubali kwangu. Jibu likaja chapuchapu: "Unachomoa ile, unachomeka hii, kwisha." Nikauliza na ule ucheleweshaji, maana kwenye simu ya video mimi naongea, mwenzangu kimya, halafu tunaanza kuongea wote kwa pamoja. Akasema hii haichelewi kabisa, hata michezo ya mtandaoni nitacheza.

Pale ndipo nilipotakiwa kuondoka. Setilaiti ninayotumia ni zile zinazoonekana kama zimesimama sehemu moja juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini. Ukibofya kitu, ombi linapanda mpaka kule, linashuka kwenye kituo cha kampuni, jibu nalo linapanda na kushuka mpaka kwako. Mara nne. Hizo ni zaidi ya kilomita 140,000, na mawimbi yanakwenda kilomita kama 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo karibu nusu sekunde inaliwa na njia peke yake, mitambo haijaanza hata kazi. Ndiyo maana ukipima unakuta milisekunde 600 na ushee. Modemu mpya inaweza kukuongezea kasi ya kupakua kama mfumo wa kampuni unaruhusu, ila setilaiti haitaisogeza hata hatua moja. Anayetaka kuondokana na ucheleweshaji huo anahamia setilaiti za chini, mfano Starlink, ambazo zinazunguka kwenye kilomita kama 550, na huko unabadilisha kila kitu, dishi likiwemo. Haya nilikuwa nayajua nusunusu. Bei ikanifumba macho.

Kabla ya kulipa nilimwomba picha ya mgongo wa modemu. Akanitumia ya mbele. Nikarudia, akanitumia ya mbele tena, safari hii imepigwa kwa karibu zaidi. Nikaacha, nikalipa.

Modemu ikafika ikiwa safi kweli, imefutwafutwa. Nikafunga kebo ya dishi, ikaingia vizuri tu kwenye nyuzi zake (hilo lisikudanganye, hata modemu ya intaneti ya kebo ina tundu lilelile). Taa ya umeme ikawaka. Ya kupokea ikapepesa, ikapepesa, ikapepesa. Nikanywa chai, nikarudi, bado inapepesa. Ndipo nikaigeuza: kibandiko cha namba kimenyanyuka kona moja, kama mtu alianza kukibandua akaghairi. Nikaisoma ile namba ndefu kwa dada wa huduma kwa wateja. Akanyamaza kidogo, akaniambia kifaa hicho ni mali ya kampuni, mteja alikodishiwa na alitakiwa akirudishe. Kimefungwa. Hata wakinihurumia hawawezi kukisajili kwenye akaunti yangu.

Akaongeza jambo ambalo ningependa kulijua mapema. Hata kama ingekuwa halali, isingefanya kazi, kwa sababu modemu inakwenda sambamba na kile kifaa cha kurushia mawimbi kilichoko mbele ya dishi, na kizazi kipya kinaweza kutegemea setilaiti nyingine kabisa. Hapo lazima fundi apande aelekeze dishi upya. Hata ukiangalia HughesNet, huduma ya intaneti ya setilaiti kule Marekani, kizazi cha tano kilikuja 2017 baada ya setilaiti ya EchoStar XIX kurushwa Desemba 2016, na modemu yake ikaja kwa ajili ya mfumo huo. Modemu ya setilaiti si simu kwamba unahamisha laini tu. Bila kampuni kuikubali namba yake, ni boksi lenye taa.

Kwa hiyo kama unanunua iliyotumika, muuzaji akupe hiyo namba kabla hujatoa hata senti, uwapigie watoa huduma wako mwenyewe, uwaulize mambo mawili: iko huru? Inaendana na dishi langu? Akianza kuzungukazunguka, achana naye. Na wapigie hata kabla hujaanza kutafuta mitaani, kwa sababu wakati mwingine kampuni yenyewe inakubadilishia na fundi inaleta. Uliza tu kama mkataba unaanza upya na ni wa miezi mingapi.

Nilipomrudia muuzaji, hakukana. Akasema ana mtu wake wa ndani wa kuifungua, niongeze hela kidogo na nimtumie namba ya akaunti yangu pamoja na nywila. Yaani ameshanipiga shavu la kulia, anaomba na la kushoto. Nikakataa, nikadai pesa yangu, akanizuia nisimpate tena.

Jana mtu wangu wa karibu ameniambia tangazo limerudi kwa jina jingine. Modemu nyeusi juu ya meza ya mbao, kebo nyeupe imeviringwa pembeni, taa moja tu inawaka, maneno ni yaleyale ya "anahama". Hiyo modemu iliyoko kwenye picha ninayo mimi, iko kwenye boksi hapa mlangoni inasubiri kurudishwa kwa kampuni.