Saa za kulipia na saa za kupumzika: tathmini ya huduma za kumpumzisha anayeuguza nyumbani

Huduma za kumpumzisha mtu anayemuuguza ndugu yake nyumbani zipo za aina tatu: msaidizi anayekuja nyumbani, kituo cha kushinda ambako mgonjwa hupelekwa asubuhi na kurudi alasiri, na kitanda cha muda katika makao ya uuguzi kwa siku kadhaa. Zote hutangazwa kwa wingi wa saa au siku. Hapo ndipo mlezi hupunjika, kwa kuwa muda ulioandikwa kwenye fomu sio atakaoupumzika.

Chukua kituo kinachofunguliwa saa tatu asubuhi na kufungwa saa tisa alasiri. Kwenye karatasi ni saa sita. Mlezi akimpeleka mgonjwa mwenyewe, toa dakika 40 za kurudi nyumbani na nyingine 40 za kwenda kumchukua: zimebaki saa nne na dakika 40. Kama siku hiyo ameamka mapema kwa muda wa saa moja ili amwogeshe, amvalishe na kumlisha mgonjwa kwa wakati, hesabu halisi ni saa tatu na dakika 40. Haitoshi hata kulala usingizi wa maana na kupika. Kituo chenye gari lake kina thamani karibu mara mbili ya kisicho nalo, lakini uliza kwanza: gari linabeba kiti cha magurudumu mgonjwa akiwa amekaa humo, kikiwa kimefungwa sehemu nne chini? Mhudumu anaingia hadi mlangoni au anasubiri barabarani? Kama ni barabarani na nyumba ina ngazi, gari hilo halijakusaidia kitu.

Vituo vingi pia huchagua wagonjwa. Anayehitaji watu wawili kumnyanyua, au anayetoka na kupotea, mara nyingi hukataliwa, na huyo ndiye aliyemchosha mlezi kuliko wote. Kituo kinamfaa hasa mgonjwa wa dimenshia (kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri) anayetembea bado na anayefurahia watu.

Msaidizi wa nyumbani ndiye tunayempa alama za juu. Mgonjwa habanduki kwenye kitanda na choo alivyovizoea, na saa zinazolipiwa karibu zote ni za mlezi. Huduma hii ikiharibika, kwa kawaida ni kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kuletewa sura mpya kila wiki. Mlezi anaishia kufundisha badala ya kupumzika. Omba kwa maandishi watu wawili tu, mmoja wa zamu na mmoja wa akiba. Ya pili imejificha kwenye mkataba: wakala wengi huruhusu msaidizi kumkumbusha mgonjwa dawa, sio kumpa. Kwa mgonjwa asiyeweza kufungua mkono, tofauti hiyo ina maana kwamba mlezi hawezi kuvuka saa ya dozi akiwa nje. Uliza pia kuhusu kunyanyua, kumwaga mfuko wa mkojo na kumlisha mwenye shida ya kumeza. Jibu la "tutaona" lihesabu kuwa hapana.

Zamu ya kwanza mlezi awepo nyumbani, ya pili aondoke kwa saa moja tu. Kwa mgonjwa wa dimenshia pendelea asubuhi, maana wengi wao huanza kuhangaika na kutaka "kwenda nyumbani" jua linapokaribia kuzama, na mgeni hatamtuliza.

Makabidhiano ndiyo roho ya huduma yoyote kati ya hizi. Karatasi moja, pande mbili, inatosha. Andika dawa kwa jina, kiasi na saa, na utaje zile zisizosubiri: levodopa, dawa ya mgonjwa wa Parkinson (maradhi ya ubongo yanayoleta mtetemeko na ukakamavu), ikichelewa, mwili unaweza kukakamaa asiweze kuinuka wala kumeza vizuri. Andika anavyogeuzwa, na kwamba hashikwi kwapani wala kuvutwa mkono upande uliopooza, kwani bega la upande huo huteguka kirahisi. Chakula apewe ameketi wima na abaki hivyo nusu saa. Kama vinywaji vyake huongezewa uzito, andika vijiko vingapi kwa kikombe cha ukubwa gani, maana "kizito kiasi" kila mtu ana chake na kupaliwa hakungoji. Mfuko wa mkojo ukae chini ya usawa wa kibofu bila kugusa sakafu, umwagwe ukifika theluthi mbili. Halafu yale ambayo hakuna fomu inayouliza: anavyoonyesha maumivu kama hasemi, jina analoitikia, na mara ya mwisho aliyopata choo.

Kitanda cha muda ndicho hasa kinachompa mlezi usiku kucha, na kwa aliyekosa usingizi miezi mingi hakuna mbadala. Ndicho pia chenye hatari kubwa zaidi. Mzee aliyehamishwa ghafla anaweza kuweweseka usiku wa kwanza au wa pili: mahali papya, taa ngeni, maji machache, choo kimefunga. Hivyo siku mbili ni hasara; mlezi anazimaliza akipokea simu. Siku tano hadi saba ndizo zenye faida. Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani hasa kwa wazee, kwa mfano, hulipia hadi siku tano mfululizo kwa mgonjwa aliye katika huduma ya mwisho wa maisha, na hata hizo familia nyingi huzipitisha kwa kutojua kwamba zipo.

Peleka dawa katika pakiti zake za asili, kwani makao mengi hukataa vidonge vilivyokwisha kupangwa kwenye kisanduku cha wiki. Miwani, meno ya bandia na kifaa cha kusikia viwe na jina. Hivyo ndivyo hupotea, na mgonjwa asiyesikia wala kuona huonekana amechanganyikiwa kumbe hajavaa vitu vyake. Siku ya kuingia na ya kutoka, mkague ngozi pamoja na muuguzi: visigino, nyonga na mfupa ulio juu ya makalio. Wekundu usiofifia ukibonyezwa, au kwa ngozi nyeusi sehemu iliyokolea rangi, yenye joto au ngumu kuliko pembeni yake, ni mwanzo wa kidonda cha kulalia. Iandikwe hapo hapo, saa hiyo hiyo. Bila hivyo mtabishana ilianzia wapi.

Kuhusu kuzipata huduma zenyewe, hapa alama zinashuka. Fomu nyingi humpima mgonjwa na kumsahau anayemuuguza. England iliweka katika Care Act, sheria yake ya matunzo ya mwaka 2014, haki ya mlezi mtu mzima kutathminiwa mwenyewe. Mahali pasipo na haki hiyo, nenda na ushahidi wako. Dodoso la Zarit, linalopima mzigo anaoubeba mlezi, lina maswali 22, kila moja alama 0 hadi 4, jumla 88, na ofisa yeyote wa afya anaweza kulielewa. Ongeza daftari la wiki moja: umeamshwa mara ngapi, umemnyanyua mara ngapi, saa ngapi hukuweza kutoka nje. Walezi wengi hujikaza mbele ya mtathmini na kusimulia siku nzuri, kisha wanapewa saa mbili kwa wiki. Simulia usiku mbaya.

Vitanda vya muda huadimika kwa sababu hospitali hutumia vitanda hivyo hivyo kuwahamishia wagonjwa inaowaruhusu, na vya msimu wa sikukuu huisha mapema. Omba kuingia katikati ya wiki, omba kuwekwa kwenye orodha ya watakaopigiwa mwingine akighairi, na soma kifungu cha kughairi: kama kituo kinaweza kufuta siku mbili kabla bila kukupa mbadala, usinunue tiketi ya safari.

Na kabla ya kusaini popote, uliza swali ambalo wakala wengi hawajaliandalia jibu: mlezi akilazwa hospitali leo usiku, nani anakuja, na baada ya saa ngapi? Anayejibu kwa jina la zamu na namba inayopokelewa usiku, mchukue hata kama saa zake ni chache.