Orodha za meli za Hamburg: uzoefu wangu wa kumsaka babu wa wakwe

Mimi ni wa Tanga, nimeolewa Milwaukee, jimbo la Wisconsin, Marekani. Ukoo wa mume wangu una hadithi mbili kuhusu babu yao aliyehamia Marekani kutoka Ujerumani. Ya kwanza husimuliwa kila Krismasi kwa heshima zote: alishukia Ellis Island, kituo cha kupokelea wahamiaji bandarini New York, karani akashindwa kutamka jina lake, akamwandikia jingine. Ya pili ilikuwa ya shangazi mmoja, marehemu sasa, aliyeshikilia kwamba babu alipanda treni katikati ya safari ya baharini. Hiyo ilikuwa ya kuchekwa. Walisema uzee umemzidi.

Wifi yangu alilipia tovuti moja ya mambo ya ukoo (jina nalihifadhi), kazi akaniachia mimi. Jioni ya kwanza tovuti ikaniletea mababu watatu, mmoja wao alikufa miaka sita kabla mwanawe hajazaliwa. Nusura nimkubali kwa kuwa picha yake ilikuwa nzuri. Majaribio ya bure yakaisha bila sisi kukumbuka, kadi ya wifi ikakatwa ada ya mwaka mzima. Nyota mbili, na moja ni ya huruma.

Nikahamia FamilySearch, ambayo ni bure, ukijisajili tu. Sensa ya 1900 iliwauliza wahamiaji mwaka walioingia nchini. Babu alijibu 1882. Basi hadithi ya Krismasi ikafa palepale, maana Ellis Island ilifunguliwa Januari 1, 1892. Mwaka ule wa 1882, waliofika New York walipitia kituo kingine, Castle Garden. Na hata huko Ellis Island makarani hawakuwa wakibuni majina. Orodha ya abiria ilikuja na meli, imeshaandikwa, wao wakahakiki tu. Jina la wakwe zangu lilibadilikia Wisconsin, pole pole: kaburini lina "oe", kwa Kijerumani ni "ö".

Orodha za New York za miaka ile mara nyingi zinataja nchi tu. "Prusia", basi. Ni sawa na kuambiwa mtu wako anatoka bara. Kupata kijiji ilinibidi nigeukie bandari alikoondokea. Wengi walitokea Bremen au Hamburg. Za Bremen za wakati huo ziliteketezwa kwa kukosa pa kuziweka, kwa hiyo kama wako alipita huko, pole sana. Za Hamburg zipo, 1850 hadi 1934, na zinaandika makazi ya mwisho ya abiria, umri na kazi yake. Kwa hilo tu nazipa nyota tano.

Ila uwe na macho. Kurasa nyingi ni mwandiko wa kale wa Kijerumani ambao "e" yake ni kama "n", na Kijerumani changu mimi kinaishia kwenye "shule" na "hela", maneno ambayo Kiswahili kiliyaazima kwao. Kisanduku cha kutafutia hakikumwona babu kwa tahajia yoyote niliyoijaribu. Nikaanza kupekua picha za kurasa, moja baada ya nyingine, wikiendi tatu. Sikuambulia kitu.

Kumbe nilikuwa kwenye vitabu visivyo vyake. Waliokwenda Marekani moja kwa moja wana vitabu vyao, na waliopitia bandari ya nchi nyingine wana vyao. Kundi hili la pili, lililopendelea nauli nafuu, wengi walivuka kwa meli ndogo hadi Hull, Uingereza, wakashuka, wakapanda treni hadi Liverpool, ndipo wakapanda meli kubwa ya New York.

Treni! Niliwaza shangazi wa watu, nikanyamaza kwa muda.

Jioni ya pili katika vitabu hivyo nikampata: babu, mkewe na mtoto mchanga. Kazi: Arbeiter, yaani kibarua. Kijiji chake kiko Pomerania, jimbo la Prusia wakati huo, na kwa kuwa vijiji vya jina hilo ni vinne, nilitumia kamusi ya mahali ya Meyers ya 1912, nayo iko bure mtandaoni, kujua kipi ni cha mkoa ulioandikwa. Leo ni Poland.

Krismasi iliyopita baba mkwe alianza tena na Ellis Island. Karatasi niliyochapa ilikuwa mfukoni mwangu. Nilimwacha amalize, kisha nikaomba nisimulie ile ya treni.