Gemu za mtandaoni na miwani ya VR: konsoli yangu bado siiuzi

Nikiambiwa nichague mrithi wa konsoli, ile mashine ya gemu ya kuchomeka kwenye televisheni, nitachagua gemu za kutiririshwa mtandaoni, si miwani ya VR, ile inayokuingiza ndani ya ulimwengu wa gemu. Natumia zote mbili hapa Leicester, Uingereza: Xbox Cloud Gaming kwa kutiririsha, na miwani ya Quest 3.

Kwenye Xbox Cloud Gaming, gemu inaendeshwa kwenye seva za Microsoft, wewe unaletewa picha tu na pedi yako inapeleka amri. Forza Horizon 5, gemu ya mbio za magari ambayo kwenye konsoli inakula takriban gigabaiti 100, naifungua kwenye laptop kuukuu na muda si mrefu niko barabarani. Raha sana! Ila intaneti lazima itulie. Kwa Wi-Fi ya chumba cha juu, nikikata kona gari lilichelewa kidogo kuitikia, nikaishia ukutani. Nilipochomeka waya kwenye ruta, likawa jepesi. Kwenye mbio ucheleweshaji mdogo unavumilika, lakini kwenye gemu za ngumi hauvumiliki: kwa picha 60 kwa sekunde, kila picha hukaa milisekunde 17 hivi, na kuzuia pigo ni suala la picha chache tu.

Mdogo wangu yuko Mombasa na anategemea bando la simu. Kwa kasi ya megabiti 25 kwa sekunde, saa moja ya kutiririsha gemu inaweza kumaliza gigabaiti 11. Nimemkataza kabisa.

Quest 3 ni starehe nyingine. Ndani ya Beat Saber unakata visanduku kwa mapanga ya mwanga mpaka fulana inalowa jasho, na hakuna televisheni itakayokupa hilo. Lakini ina gramu 515 usoni, chaji ni kama saa mbili, na wageni wanabaki kukutazama ukipiga hewa. Mimi gemu nazipenda kwa kukaa wawili kwenye kochi, tunabishana.

Halafu kuna umiliki, na hapa ndipo msimamo wangu ulipo. Stadia, huduma ya Google ya kutiririsha gemu, ilianza Novemba 2019, ikazimwa Januari 2023. Wateja walirudishiwa pesa za gemu, jambo la kiungwana, lakini huduma yenyewe haipo tena. Diski ya gemu namwazima jirani, naibadilisha, naiuza nikiichoka. Kwa hiyo ukinunua konsoli, hata iliyotumika, chukua yenye sehemu ya diski, na uijaribu pedi ya pili kabla hujalipa.